Ford 8N haiwaki kwenye baridi? Usizilaumu volti 6

Wengi huamini betri ya volti 6 haiiwezi baridi. Ford 8N, trekta la Marekani la 1947 hadi 1952, lilitoka kiwandani na volti hizo na likawaka kwenye theluji. Kinachokwamisha mara nyingi ni nyaya. Kwa kazi ileile, volti 6 zinataka ampea mara mbili ya volti 12. Waya mwembamba wa gari la kisasa unakula umeme kabla haujafika kwenye stata, mota inayozungusha injini iwake. Funga waya mnene, wa geji (kipimo cha unene) 1/0 au 2/0. Ethi ya 8N ni chanya, yaani waya wa chanya ya betri ndio unaofungwa kwenye bodi ya trekta: hapo unapofungwa, kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae. Kisha pima kati ya hasi ya betri na terminali ya stata huku mwenzako akipiga stata. Mita ikizidi nusu volti, umeme unapotelea hapo.