Je, wajua? Filamu hututoa machozi mambo yanapoanza kuwa mema

Katika Supa Modo, filamu ya Mkenya Likarion Wainaina iliyotoka mwaka wa 2018, Jo ni msichana wa miaka tisa mwenye ugonjwa usiopona. Mama yake anamtoa hospitalini ili siku zilizobaki azimalizie nyumbani. Hayo mtazamaji anayajua mapema, na ni mazito, lakini wengi huyapokea kwa macho makavu. Machozi huja baadaye, pale dada yake, Mwix, anapowashawishi wanakijiji wajifanye kwamba mtoto huyu ana nguvu za ajabu, nao wanakubali. Watu wazima wenye shughuli zao wanaziacha ili wacheze mchezo wa mtoto mmoja. Hapo ndipo ukumbini unaanza kusikia watu wakivuta kamasi.

Kwa nini hapo? Mbona si pale daktari alipokata tamaa?

Jibu ambalo karibu kila mtu analo tayari ni kwamba tunalia kwa sababu tukio lina huzuni, na huzuni ikizidi, machozi hutoka. Ni jibu linaloingia akilini haraka, na ndiyo maana ni vigumu kuling'oa. Lakini lipime. Kama huzuni ingetosha, taarifa ya habari ya saa moja usiku ingeiliza nchi nzima kila siku. Tunaona mafuriko, ajali na nyumba zilizobomolewa, tunasikitika kwa dhati, kisha tunaendelea kula. Upande wa pili kuna machozi mengi yasiyo na msiba wowote. Nenda uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, simama mahali pa kupokea wageni, uangalie wazazi wakimkumbatia mtoto aliyekaa ughaibuni miaka mingi. Au kumbuka tarehe 12 Oktoba 2019, Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni kule Vienna kwa saa 1:59:40. Karibu na mwisho, wakimbiaji waliokuwa wakimsindikiza walimwachia njia amalize mbele peke yake, na watu wazima huku kwetu wakalia mbele ya runinga. Hakuna aliyekuwa amefiwa.

Hata kwenye msiba wenyewe, machozi hayafuati kipimo cha huzuni. Mfiwa anaweza kupiga simu mochari, kuhesabu viti vya kukodi, kupokea michango na kujibu pole za watu mia bila kulia. Kisha anamwona rafiki wa shuleni aliyesafiri usiku kucha kutoka Kisumu akiingia langoni na begi mkononi, na hapo hapo miguu inamwishia nguvu. Huzuni yake haikuongezeka rafiki alipofika. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna mtu wa kumshika.

Mwaka wa 1979 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Efran na Spangler, walichapisha nadharia inayoanzia hapo hapo. Walisema kilio cha mtu mzima kina hatua mbili. Kwanza mwili unakaza: kuna hofu, mapambano, jambo linalosubiriwa. Pili, kitu kinatokea ghafla na mkazo ule unalegea. Machozi ni ya hatua ya pili.

Mtazame mbeba mizigo pale soko la Marikiti, Nairobi. Gunia la viazi likiwa mgongoni, hatetemeki. Shingo imekaza, macho yako mbele, hana hata nafasi ya kuusikia uchovu. Analitua kwenye lori, na sasa ndipo mikono inatetemeka na pumzi zinamtoka kwa kishindo. Kilichomchosha ni kule kubeba, ila dalili zimejitokeza kwenye kutua. Ukifika wakati huo tu, bila kumwona akipanda na gunia, utadhani kutua mzigo ndiko kunakoumiza. Na kama alichobeba ni kikapu cha dania, atakitua na kuondoka zake bila kutetemeka.

Mwilini kazi hiyo imegawanywa kwa mifumo miwili ya neva. Mfumo wa simpathetiki hutuandaa kwa mapambano: moyo unakwenda mbio, misuli inakaza. Mfumo wa parasimpathetiki hurudisha utulivu, na ndio huo huo unaoziamrisha tezi za machozi kupitia neva ya uso. Kwa hiyo si ajabu kwamba macho yanalowa wakati mwili unapogeuka kutoka mkazo kwenda utulivu.

Filamu waliyoitumia Efran na Spangler ni The Miracle Worker ya mwaka wa 1962, iliyoongozwa na Arthur Penn, inayomhusu Helen Keller, mtoto asiyeona wala kusikia, na mwalimu wake Anne Sullivan. Ni chaguo la busara sana, kwa sababu katika tukio linaloliza watu hakuna anayekufa. Kwa sehemu kubwa ya filamu tunaona vita. Mwalimu na mtoto wanavutana, wanarushiana vyakula, wanaangushana chumba cha kulia, na neno moja linaandikwa kwa vidole kwenye kiganja cha mtoto bila kueleweka. Mwishoni Helen anamwaga maji ya jagi mezani. Mwalimu anamburuta hadi kwenye pampu uani alijaze tena. Maji yanatiririka mkononi, vidole vinaandika lile lile neno, na uso wa mtoto unasimama. Ameelewa kwamba kile kinachoandikwa kiganjani ndicho hiki kinachotiririka. Anakimbia akigusa ardhi, pampu, ngazi, akitaka jina la kila kitu, kisha anauliza jina la mwalimu.

Sasa fikiria tukio hilo likiwekwa dakika ya tano. Mtoto amegusa maji, amejua ni maji. Lingekuwa jambo jema tu, na hakuna ambaye angetafuta leso. Wale wanaosema mwongozaji fulani "anajua kuliza watu" mara nyingi husifu dakika mbili za mwisho, wakati kazi yenyewe ilifanywa katika saa nzima ya kuupakia mzigo. Ndiyo maana pia mhusika anayejizuia kulia hutugusa kuliko yule anayelia tangu mwanzo. Kwa kujizuia kwake sisi tunaendelea kubeba.

Nadharia hii naiona nzuri, lakini haina majibu yote. Mwaka wa 1994 Gross, Fredrickson na Levenson waliwaonyesha wanawake kipande cha filamu ya huzuni huku wakipima miili yao, wakakuta waliolia walikuwa na mwili uliochangamka zaidi na huzuni zaidi kuliko wasiolia. Huo si utulivu. Utafiti wa baadaye umeona utulivu ukirejea pale kilio kinapofifia, kwa hiyo ni lini hasa mkazo unalegea bado ni jambo la kubishaniwa.

Halafu kuna filamu ya The Champ ya mwaka wa 1979. Gross na Levenson walipochapisha, mwaka wa 1995, orodha ya vipande vya filamu vinavyofaa kuamsha hisia mbalimbali maabara, kwa huzuni walichagua kipande cha chini ya dakika tatu kutoka humo: bondia amekata roho, na mwanawe mdogo anamsihi aamke. Hakuna wokovu wala anayepona. Watetezi wa nadharia husema hata kukubali kwamba hakuna tena la kufanya ni aina ya kutua mzigo. Mtafiti wa Uholanzi Ad Vingerhoets, aliyechunguza machozi kwa miaka mingi, huipa uzito hali ya kukosa uwezo. Kwa maoni yangu maelezo yake yanalifaa tukio la The Champ zaidi, na yale ya Efran na Spangler yanazifaa zaidi filamu za Helen na Jo.

Lipo na lile dai linalosambaa sana, kwamba kulia husafisha sumu mwilini. Chanzo chake kinajulikana. Mwaka wa 1981 William Frey wa Marekani alilinganisha machozi ya watu waliotazama filamu ya kuhuzunisha na machozi ya kitunguu, akakuta yale ya hisia yana protini zaidi. Hapo ndipo wengi walipoanza kuongeza chumvi. Tofauti ya protini haithibitishi kwamba kuna sumu inayotolewa, na matone yenyewe ni machache mno kuusafisha mwili. Isitoshe, pembeni mwa jicho, upande wa pua, kuna vitundu vidogo vinavyoyapitisha machozi hadi puani. Ndiyo sababu ukumbini utasikia kamasi kabla hujaona shavu lililolowa. Sehemu ya machozi hayo huteremka kooni na kumezwa, kwa hiyo inarudi mwilini ilikotoka.

Je, nafuu ipo? Ipo, ila huchelewa. Mwaka wa 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tilburg, Vingerhoets akiwa mmoja wao, waliwaonyesha watu filamu mbili, La vita è bella na Hachi. Mara tu baada ya filamu, waliolia walijisikia vibaya zaidi kuliko walivyoingia. Baada ya dakika 20 walikuwa wamerudi walikoanzia. Baada ya dakika 90, yaani wakati wengi wangekuwa wameshafika nyumbani, walijisikia vizuri kuliko kabla ya filamu kuanza. Washiriki hawakuwa wengi, lakini mpangilio huo wa muda unaeleza kwa nini watu hutofautiana wakiulizwa kama kulia kunasaidia: wengine huulizwa mlangoni, wengine kesho yake.

Lililonivutia zaidi linatoka Chuo Kikuu cha Oxford. Mwaka wa 2016 Robin Dunbar na wenzake waliwakusanya watu wasiojuana watazame pamoja filamu nzito, Stuart: A Life Backwards, huku kundi jingine likitazama makala za kawaida. Kabla na baada, kila mmoja aliegemea ukutani akiwa amekunja magoti kama aliyeketi kwenye kiti kisichokuwepo, hadi ashindwe. Kwa wastani waliotazama filamu walivumilia zaidi, na wakasema wanajihisi karibu zaidi na wale wageni waliokaa nao. Ambao uvumilivu wao haukuongezeka, ukaribu wao nao haukuongezeka. Watafiti walihusisha jambo hilo na endofini, kemikali za ubongo zinazopunguza maumivu. Endofini zenyewe hazikupimwa. Muda wa kuvumilia ukutani ndio uliotumika badala yake, kwa kuwa kuzipima moja kwa moja ndani ya ubongo wa mtu aliye hai ni kazi ngumu na ya gharama kubwa.