Dawa ya Aprili haimuui buu wa Aprili

Kila mwaka ikifika katikati ya Aprili, watu wakianza kuchimba vitanda vya sukuma wiki na mchicha hapa Maryland, simu yangu inajaa picha ileile. Kiganja, udongo, katikati buu mweupe amejikunja herufi C, kichwa cha kahawia, miguu sita imekusanywa mbele, na kule nyuma ngozi inaonyesha weusi wa udongo aliokula. Chini yake: "Kaka, huyu namuua na nini?" Alafu kabla sijajibu mtu keshaenda dukani, kabeba mfuko wa dawa wenye picha ya buu, kaumwaga yadi nzima na kitanda cha mboga hajakiacha. Kazi yangu ni nyasi na wadudu wake, na hili swali nimelijibu mmoja mmoja mpaka basi, kwa hiyo leo naliandika hapa lote.

La mboga kwanza, manake ndo linaloniogopesha. Dawa ya mabuu ya nyasi ni ya nyasi. Soma lebo, kama mboga haijatajwa basi usiimwage kwenye kitu utakachochuma na kuwapikia watoto. Buu wa kwenye kitanda mtoe kwa mkono uwatupie ndege, imeisha hiyo.

Sasa huyo buu. Hapa kwetu mara nyingi atakuwa wa mbawakawa wa Kijapani, Popillia japonica, yule aliyeonekana Marekani kwa mara ya kwanza 1916 huko Riverton, New Jersey, na mpaka leo hajaondoka. Ukitaka uhakika mgeuze uangalie mkiani kwa lenzi: vijinywele vimejipanga umbo la V. Wengine wana mpangilio mwingine, na wapo wanaotembea kwa mgongo kabisa, hao ni wa mbawakawa wa kijani wa Juni, tuwaache.

Cha kuelewa ni kwamba buu unayemkuta Aprili ni wa mwaka jana. Mama yake alitoka ardhini mwishoni mwa Juni au Julai, akawa anakula majani ya waridi mchana, jioni anashuka kwenye nyasi anataga inchi 2 mpaka 4 chini, mayai 40 hadi 60 katika maisha yake yote. Baada ya kama wiki mbili yakaanguliwa. Agosti yote na Septemba watoto wanakula mizizi, wanajivua ngozi mara mbili, wananenepa, na hapo ndo nyasi zinapoumia. Oktoba udongo ukipoa wanashuka chini zaidi, wanalala baridi yote. Udongo ukirudi kwenye nyuzi 50 za Fahrenheit na kuendelea wanapanda, wanakula wiki chache, alafu kuelekea Juni wanaacha kula kabisa, wanajigeuza humo humo ardhini na kutoka wakiwa na mabawa.

Kwa hiyo huyo wa kwenye picha yako ni mzee, mnene, ngozi imekomaa, dawa inampata kwa shida, na amebakiza wiki chache tu za kula. Tena anakula wakati ambao nyasi zinatoa mizizi mipya kwa kasi kuliko anavyoweza kuimaliza. Unatumia pesa kumuua mdudu aliyeshamaliza madhara yake. Muache.

"Mbona mfuko wenyewe umeandikwa weka kuanzia Aprili?" Hapa ndo ninapopoteza uvumilivu, sio kwa sababu swali ni baya, ni zuri sana, ila jibu lake hakuna anayetaka kulisikia mpaka mwisho. Ni kweli umeandikwa hivo, na ni sahihi. Dawa iliyomo kwenye GrubEx, mfuko unaouzwa sana madukani, inaitwa klorantraniliproli, haiyeyuki kirahisi kwenye maji, inahitaji muda kushuka taratibu mpaka kwenye mizizi, na ikishafika inakaa miezi. Unaiweka Aprili au Mei ili Agosti watoto wachanga wakianguliwa wakute meza imeshaandaliwa. Ni kwa ajili ya wajukuu wa yule aliyetaga mwaka jana. Buu mnene wa leo anapita humo na anaendelea na maisha yake, wewe unachimba tena baada ya wiki mbili unamkuta mzima, unasema dawa ni feki, unaenda kununua nyingine yenye nguvu zaidi unaongezea juu ya ile, na ile ya kwanza ilikuwa inafanya kazi yake vizuri tu, bado siku yake haijafika!

Yenye nguvu zaidi huwa ni triklorfoni, inayouzwa kwa jina la Dylox. Hiyo ni ya haraka, inaua ndani ya siku chache na inaharibika upesi, hasa kwenye maji yenye alkali. Dawa ya namna hiyo mahali pake ni mwishoni mwa Agosti au Septemba, umeshachimba, umehesabu, umeona mabuu wadogo wapo wengi. Ukiimwaga Aprili inakutana na wazee wasioisikia, na ikifika Agosti hakuna hata chembe iliyobaki. Kati ya hizo mbili kuna imidaklopridi, ya Juni na Julai, lakini hiyo ni hatari kwa nyuki klova, ule mmea mdogo unaoota katikati ya nyasi, zikiwa na maua, na Maryland tangu 2018 mtu wa kawaida hauziwi kwa matumizi ya nje, ni wenye leseni na wakulima. Na wenzangu wa Silver Spring na sehemu nyingine za Montgomery County, kaunti yenu ina sheria yake ya dawa za nyasi ya tangu 2015, inakataza nyingi, ulizeni kabla hamjafungua mfuko wowote.

Yoyote utakayoweka, mwagilia baada ya kuweka, kama nusu inchi ya maji. Ikibaki juu kwenye majani haina kazi.

Kuhusu kuhesabu. Katikati ya Agosti mpaka katikati ya Septemba, chukua sepeto, kata pande tatu za mraba wa futi moja, kina cha inchi 3 hivi, kunja ule mkeka wa nyasi urudi nyuma, pekua udongo kwa vidole, hesabu, alafu rudisha na umwagilie. Fanya sehemu kadhaa, na usichimbe katikati ya doa lililokufa, mabuu washahama hapo, chimba mpakani ambapo kahawia inakutana na kijani. Vitabu vinasema 8 mpaka 10 kwa futi ya mraba ndo uanze kufikiria dawa. Namba hiyo naitumia lakini siiamini kihivyo. Yadi yenye feskyu (aina ya nyasi) ya mizizi mirefu inayopata maji inabeba 15 na huoni kitu, na nyingine iliyokatwa fupi kupitiliza, udongo mgumu, inaanguka na 6. Naangalia nyasi kwanza ndo naangalia namba.

Na ukikuta 2 au 3, funika shimo uende zako. Buu wawili sio ugonjwa!

Kuna kitu kingine ambacho sisi wa hii kazi hatukisemi kwa sauti: kinga ya Mei, yaani ile dawa inayowekwa kabla mabuu hawajaanguliwa, ni kamari. Mwezi wa tano hakuna njia ya kujua kama Agosti utakuwa na mabuu. Mbawakawa wengi kwenye waridi zako Julai haimaanishi wametaga kwako, wanaruka mbali, na yule uliyemuona anakula kwako pengine anataga kwa jirani anayewasha springla kila jioni, manake mayai yao yanahitaji unyevu na Julai ikiwa kavu mengi yanakufa. Ndo maana mimi mtu ambaye yadi yake haijawahi kuliwa simuuzii kinga, kampuni zitauza, mimi hapana. Aliyeliwa mwaka jana, huyo nitamwambia aweke.

Yadi nyingi ninazoitiwa Julai kwa ajili ya "mabuu" hazina mabuu wa kutosha. Ni ukame, au ni ule ugonjwa wa fangasi wa madoa ya kahawia unaopenda feskyu usiku ukiwa wa joto na unyevu. Shika nyasi uvute. Zikigoma, mizizi ipo, tafuta sababu nyingine. Zikinyanyuka zote bila kushika popote, au ukiamka asubuhi ukute rakuni na skanki, wanyama wa porini wanaokula mabuu, wamefukua usiku, hapo chimba.

Mbawakawa wenyewe sasa, wale wa juu wenye kichwa cha kijani kinachong'aa, mabawa rangi ya shaba na vishada vya nywele nyeupe ubavuni. Kuua mabuu wa yadi yako hakutapunguza mbawakawa wa waridi zako, wanakuja kutoka mtaa mzima. Na ile mitego ya mfuko wa njano, nawaomba, iondoeni. Ina harufu ya maua na harufu ya jike, inawaita kutoka mbali, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Kentucky walishaonyesha kwamba inavuta wengi kuliko inaowakamata, hivyo mimea ya karibu inaliwa zaidi. Mfuko uliojaa unamfurahisha mwenye nyumba, lakini angalia majani ya zabibu zake. Asubuhi mapema wakiwa bado wazito, beba ndoo ya maji ya sabuni, watikise wadondokee humo, na anza siku ya kwanza unayowaona kwa sababu jani lililotafunwa linatoa harufu inayoita wengine. Ukimkuta mwenye doa dogo jeupe nyuma ya kichwa, muache aende zake, lile ni yai la nzi anayemla kwa ndani na tunawataka hao nzi waongezeke.

Wasiotaka kemikali huniuliza poda ya bakteria, ile iliyosajiliwa tangu 1948. Inawapata mabuu wa Kijapani peke yao, inasubiriwa miaka, na majaribio mengi hayakuona faida. Siinunui. Minyoo midogo inayoua mabuu, Heterorhabditis bacteriophora, ni bora, ila inafika hai au imekufa kwenye pakiti na kwa macho huwezi kujua, jua linaiua, kwa hiyo ni jioni, mwishoni mwa Agosti, udongo ukiwa umelowa kabla na baada. Mara inafanya kazi vizuri sana, mara inagoma, na ukiniuliza kwa nini kwenye yadi mbili zinazofanana sina jibu la kukupa.

Doa likishakufa, kwaruza kwa reki, mwaga mbegu ya feskyu kuanzia mwisho wa Agosti mpaka mapema Oktoba. Ila hesabu kwanza, kama bado wapo wengi watakula mizizi michanga yote na utanunua mbegu mara mbili.