Likizo ya Wiki Moja Fiji: Dhana Potofu Zinazowachosha Wazazi

Kila likizo za shule zinapokaribia, wateja huniletea mimi, wakala wa safari, ratiba ile ile: siku saba Fiji, visiwa vinne, watoto wawili au watatu. Kwa kuwa visiwa vya Mamanuca na Yasawa vimepangana kwenye ramani kama shanga, wazazi huamini kwamba wanaweza kulala usiku mmoja au miwili katika kila kimoja bila kupoteza chochote.

Ukweli ni kwamba boti ya abiria iendayo Yasawa huondoka asubuhi bandari ya Denarau, iliyo karibu na mji wa Nadi wenye uwanja wa ndege wa kimataifa, na safari ya kufika visiwa vya mbali vya kaskazini huchukua zaidi ya saa nne, kwani njiani husimama mara kwa mara ili vimashua vije kuwachukua abiria pamoja na mizigo yao. Aliyetua Nadi mchana ameshaikosa, hivyo usiku wa kwanza atalala Nadi, apende asipende. Na kwa kuwa boti hiyo hurejea Denarau jioni, mwenye ndege ya asubuhi atalala Nadi tena kabla ya kuondoka. Zile siku saba zimeshapungua hata kabla ya kuhama mara moja. Na kuhama kwenyewe hula nusu ya siku, maana chumba hurudishwa asubuhi na kingine hakiwi tayari hadi mchana, na katikati ya hapo mtoto aliyelowa anadai nguo kavu zilizo chini kabisa ya begi lililokwisha kufungwa. Baadhi ya wateja hudhani nawauzia hoteli moja kwa faida yangu. Wadhani watakavyo, mwenye watoto wadogo na wiki moja tu nitaendelea kumshauri achague kisiwa kimoja cha Mamanuca, kama vile Malolo, ambacho kwa boti ni mwendo wa takriban saa moja, kisha atulie hapo.

Wengine huamini kwamba bahari ya huko huogelewa saa zote. Katika pwani ya kusini ya Viti Levu, kisiwa kikuu chenye mji wa Nadi, maji yakipwa mwamba hubaki wazi na mtoto huishia kutembea juu ya matumbawe makali, kwa hiyo tazameni jedwali la maji kujaa na kupwa kabla ya kupanga siku, na msisahau viatu vya majini.

Kuhusu mvua, si kweli kwamba Fiji yote ina hali moja ya hewa. Milima ya Viti Levu huzuia pepo za kusini-mashariki, ndiyo maana Suva, mji mkuu ulio kusini-mashariki, hunyeshewa zaidi kuliko Nadi, ulio magharibi. Hata hivyo, msimu wa vimbunga, kuanzia Novemba hadi Aprili, si wa kupuuzwa na upande wowote: kimbunga Winston kilipiga Februari 2016. Bei nafuu ya Januari ina sababu yake.

Malaria haipo Fiji, lakini dengi ipo, na mbu wake huuma mchana. Mnaobeba vidonge vya malaria na kuacha dawa ya kufukuza mbu mmefungasha kinyume.

Mwisho, wanaotoka Los Angeles wahesabu tarehe vizuri. Ndege inayoondoka Jumatatu usiku huvuka mstari wa kimataifa wa tarehe na kutua Nadi Jumatano alfajiri, kwa hiyo hoteli iliyolipiwa kuanzia Jumanne itakuwa imelaliwa na hewa.