Hewa ya darasani hufika hadi kitandani kwa nyanya

Swali ninaloulizwa sana na wazazi hapa Kisumu ni hili: mwanangu ana selimundu (ugonjwa wa kurithi wa seli za damu), je, nimtoe shuleni asiambukizwe magonjwa? Wengine huuliza kwa ajili ya nyanya anayelala chumba kimoja na wajukuu, au kwa ajili ya mume aliye kwenye dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi. Kazi yangu ni afya ya mazingira, kukagua majengo ambamo watu husoma na kufanya kazi, na jibu langu ni lile lile kila mara. Mwache mtoto asome. Tudai hewa safi katika chumba anachokaa, na katika vyumba wanavyokaa ndugu zake pia, maana mara nyingi ni yule mzima anayerudi jioni na kikohozi.

Kifua kikuu (TB), ukambi, mafua na korona husafiri ndani ya chembe ndogo sana zinazotoka mtu anapopumua, anapozungumza, anapokohoa au kuimba. Chembe hizo hazianguki zote chini papo hapo. Nyingi huelea na kutanda chumbani kama moshi wa jikoni, na virusi vya ukambi vinaweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka. Kunawa mikono kunatukinga na kipindupindu, na tusiache kunawa, lakini hakuzuii TB. Baada ya korona shule kadhaa zilibakiza jerikeni ya maji langoni huku madirisha yakifungwa tena. Jambo hilo linaniuma, kwa sababu kufungua dirisha hakuna gharama.

Chukua darasa la mita 9 kwa 7, lenye urefu wa mita 3 kwenda juu. Ujazo wake ni mita za ujazo 189 hivi. Waketishe watoto 60, hali ya kawaida katika shule zetu nyingi, na kila mmoja anabaki na mita 3 na kitu. Sasa linganisha na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, inayotaka kila mfanyakazi apate angalau mita 10 za ujazo ndani ya chumba cha kazi. Karani wa benki analindwa kwa kipimo hicho. Mtoto wa gredi ya pili anakaa katika theluthi yake. Shirika la Afya Duniani linapendekeza lita 10 za hewa safi kwa kila mtu kwa sekunde. Kwa watoto 60 ina maana hewa yote ya darasa hilo ibadilike zaidi ya mara 11 kwa saa. Hesabu hiyo huwatisha walimu, lakini inawezekana bila mashine yoyote. Utafiti uliofanywa katika hospitali za Lima, Peru, na kuchapishwa 2007 ulionyesha kuwa madirisha na milango ikifunguliwa kabisa, hewa ilibadilika kwa wastani wa mara 28 kwa saa. Wodi za zamani zenye dari ya juu na madirisha makubwa zilifanya vizuri kuliko vyumba vipya vyenye mitambo.

Kwa hiyo nikiingia darasani huanza na madirisha. Mara nyingi vioo vya chini vimepakwa rangi watoto wasichungulie nje, na rangi hiyo hiyo imegandisha fremu. Komeo limeliwa na kutu. Juu ya dirisha kuna matundu ya hewa aliyoyaacha fundi, na ndani yake kumeshindiliwa magazeti kuzuia vumbi na mbu. Kuyatoa magazeti hayo, kubandika wavu mahali pake na kumwita fundi wa chuma alegeze fremu ni kazi ya wikendi moja. Cha muhimu ni kufungua pande mbili zinazotazamana, hewa iingie huku na kutoka kule. Hapa Kisumu upepo wa ziwa huanza kuvuma mchana na kutusaidia. Asubuhi hewa hutulia, kwa hiyo mlango nao uachwe wazi. Mvua ya alasiri ikija, fungeni upande unaopigwa tu.

Mwalimu mkuu mmoja aliniambia, "Daktari, hewa haionekani, nitajuaje kama inatosha?" Namwonyesha kipima cha kabonidioksaidi. Hewa ya nje ina takriban sehemu 420 za gesi hiyo kwa milioni, na pumzi tunayoitoa ina karibu 40,000. Kipima kikisoma 1,000, basi pumzi moja na nusu hivi katika kila 100 unazovuta imekwisha kupita kwenye mapafu ya mwenzako. Kikisoma 2,500 zimezidi tano. Funga madirisha ya darasa lililojaa mbele ya walimu, waone namba zinavyopanda, kisha uyafungue. Baada ya hapo hakuna anayebisha.

Ofisini adui ni kiyoyozi kile cha ukutani. Watu hudhani kinaleta hewa mpya kumbe kinapoza ile ile na kuizungusha. Kiwake, lakini dirisha moja libaki wazi kidogo, hata kama bili itapanda. Penye wafanyakazi 20 au zaidi sheria inataka kamati ya usalama na afya, na hapo ndipo pa kulipeleka suala hili. Omba hewa kwa ajili ya chumba kizima. Usilazimike kueleza ugonjwa wako au wa mwenzi wako. Sheria ya Ukimwi ya 2006 inalinda siri ya hali ya mtu na kukataza ubaguzi kazini. Nimeona watu wakikohoa kimya kimya kwa hofu ya kufutwa, na hofu hiyo huwaumiza wote walio chumbani.

Hewa haichukui nafasi ya dawa. Chanjo ya ukambi hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na tena 18. Ile ya numokoka, bakteria wanaosababisha nimonia, imekuwa katika chanjo zetu tangu 2011. Mwenye selimundu wengu wake, unaosaidia mwili kupambana na maambukizi, huharibika mapema, kwa hiyo penisilini yake ya kila siku isikatizwe. Anayeishi na virusi aulize kliniki kuhusu dawa za kuzuia TB. Mwenye kikohozi cha wiki mbili apimwe. Matibabu ya TB ni bure katika hospitali za umma, na uwezo wa kuambukiza hupungua haraka akishaanza dawa zinazomfaa.

Bweni ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu wanafunzi hulala humo usiku kucha madirisha yakiwa yamefungwa kwa kuogopa wezi na mbu. Kwa Nakuru ongeza baridi. Huko nashauri vioo vya juu pekee viachwe wazi, pande zote mbili: hewa ya joto iliyopumuliwa hupanda na kutokea hapo, na aliye kitandani hapigwi na upepo. Wavu wa mbu uwekwe dirishani, blanketi la pili liongezwe, na vitanda visogezwe ili vichwa visikaribiane.