Tao la umeme ndani ya ndege: jinsi faiba inavyoonyesha lilipowaka

Fundi anayechomelea geti huvaa miwani myeusi kwa sababu mwanga wa tao la umeme huunguza macho. Tao ni umeme unaopita hewani kati ya metali mbili, na joto la katikati yake huzidi nyuzi 5,000 za Selsiasi. Shaba huyeyuka kwenye 1,085, aluminiamu kwenye 660. Tao la namna hiyo likiwaka nyuma ya dari ya ndege, hakuna abiria wala rubani anayeliona.

Chanzo huwa kidogo. Waya uliobanwa na klampu iliyolegea hutikisika safari baada ya safari, hadi kihami chake, yaani ganda linalozuia umeme, kikalika na shaba ikagusa bodi ya ndege. Mguso ni wa milisekunde chache tu, kisha unaachia. Baadhi ya vihami, hasa vya plastiki iitwayo poliimaidi, vikiungua hugeuka makaa yanayopitisha umeme, na moto ukasambaa kutoka waya mmoja hadi kitita kizima.

Watu wengi hudhani sakiti breka italimaliza jambo hili. Sakiti breka ya kawaida hufanya kazi kwa joto: mkondo mkubwa unapasha bamba la metali mbili hadi linapinda na kukata umeme. Chukulia breka ya ampea 10 inayokata baada ya sekunde 10 ikipitisha ampea 20. Tao likitoa pigo la ampea 100 kwa milisekunde moja, joto linaloingia kwenye bamba ni sehemu moja tu kati ya 400 ya linalohitajika. Konekta iliyolegea ni mbaya zaidi: tao linakaa ndani ya njia ileile ya umeme, mkondo unapungua badala ya kuongezeka, na breka haina sababu yoyote ya kukata.

Ndege ya Swissair, safari namba 111, ilianguka baharini karibu na Nova Scotia, Canada, tarehe 2 Septemba 1998. Watu wote 229 walifariki. Wachunguzi wa Canada walihitimisha kwamba moto ulianzia juu ya dari ya chumba cha marubani, yaelekea kutokana na tao kwenye nyaya, na ukashika blanketi za kuzuia joto na kelele zilizokuwa karibu. Tangu marubani wanuse harufu ya kwanza hadi ndege kugonga maji zilipita dakika zipatazo 21. Ndani ya muda huo, kujua *wapi* ni muhimu sawa na kujua *nini*.

Ndege za sasa zimeongeza uzito wa swali hili. Boeing 787, aina inayorushwa pia na Kenya Airways na Air Tanzania, hutumia volti 235 za mkondo geu (AC) na volti 270 chanya na hasi za mkondo mnyoofu (DC). Mkondo geu wa hezi 400 hupita sifuri mara 800 kwa sekunde, na kila mara tao hupata nafasi ya kuzimika. Mkondo mnyoofu hauna sifuri hiyo. Tena juu angani, katika sehemu zisizojazwa hewa, hewa ni nyepesi na tao huwaka kwa urahisi zaidi.

Kulitafuta baada ya kutua huchosha: injini zimezimwa, hakuna mtikisiko, shaba haigusi tena, na vipimo vyote vinasoma salama. Lazima mahali pakamatwe tao likiwa bado linawaka, na mwanga ndio shahidi mwaminifu kuliko wote.

Njia mojawapo hutumia faiba, yaani uzi mwembamba unaopitisha mwanga, ya plastiki yenye rangi inayong'aa. Hupokea mwanga ubavuni, ikautoa upya kwa rangi nyingine, na sehemu yake husafiri kuelekea ncha zote mbili. Kila ncha ina fotodayodi, kifaa kidogo kinachogeuza mwanga kuwa umeme unaopimika. Tuseme faiba ina mita 12 na hupoteza desibeli 1 (kipimo cha kulinganisha nguvu za mwanga) kwa kila mita. Ncha A ikipokea mwanga uliozidi wa ncha B kwa desibeli 4, tao liko mita 4 kutoka A: mwanga wa A umepoteza 4, wa B umepoteza 8. Kupima muda wa mwanga kufika ingeonekana rahisi zaidi, lakini mwanga hupita mita moja ya faiba kwa nanosekunde 5 hivi, ilhali mwako wa tao hupanda polepole mno kwa kipimo hicho.

Udhaifu wa njia hii ni uchafu. Konekta yenye vumbi ikiiba nusu desibeli upande mmoja, mahali panahama sentimita 25. Kwa hiyo kila ncha iwe na taa ndogo ya kujipima kabla ya safari. Upotevu nao si sawa kote, kwani karibu na tao rangi zenye mawimbi mafupi humezwa kwanza. Faiba ipimwe kwa taa kila nusu mita, na jedwali lake litunzwe.

Faiba iliyonyooka haioni tao lililo upande wa pili wa kitita, hivyo izungushwe kama mzabibu au zilazwe mbili, moja kila upande. Ikizungushwa, mita za faiba zinazidi mita za kitita. Alama za umbali ziandikwe kwenye kitita chenyewe. Plastiki ya kawaida isiwekwe karibu na injini. Pale hufaa faiba ya kioo yenye vipokea mwanga katika sehemu chache zilizochaguliwa.

Tochi ya fundi au jua kupitia kifuniko kilichofunguliwa vinaweza kudanganya. Kinacholitofautisha tao ni kumeta kwake: tao la hezi 400 humeta mara 800 kwa sekunde, na kwenye ndege ambazo masafa ya jenereta hubadilika kati ya hezi 360 na 800, kifaa lazima kiyafuate. Tunashauri umeme ukatwe pale tu mwanga na badiliko la mkondo vinapotokea pamoja, kwa sababu kukata bure umeme wa kifaa kinachohitajika angani ni hatari nyingine.

Baada ya kutua, fundi hukata umeme, hufungua kifuniko cha mita iliyotajwa, na kutafuta masizi na vishanga vya shaba iliyoyeyuka ikaganda. Waya ukishabadilishwa, faiba ya sehemu hiyo nayo ibadilishwe na kupimwa upya, kwa kuwa iliyoshika masizi itapokea mwanga mdogo tao linalofuata.