Palau hupiga kura na nani? Jinsi ya kuhesabu

Kila Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa linapopiga kura kuhusu Mashariki ya Kati, utasikia kwamba Palau, nchi ndogo ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, inaifuata Marekani. Kwa suala hilo ni kweli. Tarehe 21 Desemba 2017, azimio kuhusu hadhi ya Jerusalem lilipata kura 128 za ndiyo na 9 za hapana, na katika hizo 9 walikuwamo Marekani, Palau, Visiwa vya Marshall, Mikronesia na Nauru. Ila kura moja haitoshi kuonyesha mwelekeo wa nchi.

Chukua kura zote za kikao kimoja zilizorekodiwa kwa majina ya nchi. Maazimio yaliyopita bila kupigiwa kura yaache. Ni mengi, na ukiyaingiza kila nchi itaonekana rafiki wa kila nchi. Pia chagua mapema: kura za kamati au za Baraza lenyewe, kwa sababu azimio lilelile hupigiwa kura kotekote na utalihesabu mara mbili. Kisha linganisha nchi mbili mbili. Zikipiga sawa, alama 1; moja ikijizuia na nyingine ikichagua upande, 0.5, zikipingana, 0. Gawa jumla kwa idadi ya kura ambazo zote mbili zilishiriki.

Wengi huteleza kwenye kutokuwepo. Ubalozi wa nchi ndogo una watu wachache, kamati kuu ziko 6, na viti hubaki vitupu. Tuseme katika kura 80 nchi mbili zimepiga sawa mara 30, zimetofautiana nusu mara 20, zimepingana mara 20, na mara 10 mjumbe hakuwapo. Ni 40 kwa 70, yaani asilimia 57. Ukizihesabu zile 10 kama upinzani, unapata 50. Kujizuia ni msimamo uliobonyezwa kwenye kitufe. Kiti kitupu huenda ni msimamo pia, lakini jedwali halitakuambia.

Halafu tenganisha mada, maana hapa ndipo asilimia ya jumla inapodanganya zaidi. Tangu 1994 Palau ina mkataba unaoipa Marekani jukumu la ulinzi wake, pamoja na fedha za misaada. Mwaka 2012, azimio la kupinga vikwazo vya Marekani dhidi ya Cuba lilipingwa na nchi 3 tu: Marekani, Israel na Palau. Mwaka uliofuata Palau ikajizuia. Na mwaka 2018 ikaridhia mkataba wa kupiga marufuku silaha za nyuklia, ambao Marekani inaupinga waziwazi.

Tena kupiga kura pamoja si lazima kuwe urafiki. Mei 2019, azimio la kuitaka Uingereza iondoke Chagos, visiwa vya Bahari ya Hindi, lilipata kura 116 za ndiyo, na Maldivi ilikuwa miongoni mwa 6 zilizosema hapana. Hofu yake ilikuwa madai yake ya eneo la bahari jirani na Chagos. Hilo hulipati kwenye jedwali. Limo katika kumbukumbu za mkutano, pale wajumbe wanapoeleza kura zao.