Namba ya modemu isiyojulikana si kinga ya seva

Kwa miaka mingi wengi wameamini kwamba seva ya biashara iliyo mbali, ikifikiwa kwa modemu ya simu (kifaa kinachopitisha data kwenye laini ya simu) kupitia kampuni ya nje badala ya intaneti, iko salama kwa kuwa namba yake haijulikani. Imani hiyo haikuzuka bure, maana laini ya simu huweza kubaki hai mtandao mkuu unapokatika, na kwa kuandika amri za matengenezo kasi isiyozidi kilobiti 56 kwa sekunde hutosha. Hata hivyo, namba haihitaji kujulikana: tangu miaka ya 1980 zimekuwapo programu zinazopiga namba moja baada ya nyingine na kuhifadhi kila inayoitikiwa na modemu. Kinachomzuia mgeni ni nywila imara, pamoja na modemu inayokata simu kisha kumpigia mtumiaji kwa namba iliyosajiliwa, ingawa hata njia hii si kinga kamili.

Mwenye laini anaweza kuipiga kwa simu ya kawaida. Akisikia mlio wa modemu, yeyote mwingine angeusikia. Aiombe kampuni hiyo ya nje orodha ya miito, ailinganishe na bili ya simu, kisha aulize iwapo laini yenyewe inapitishwa kwenye intaneti, kwani ya namna hiyo hukatika pamoja nayo.